Mkia wa Farasi: Gharama ya Farasi katika Falme za Kusini mwa Bara Hindi

Msikilizaji wa tenzi za Kiswahili amezoea kukutana na farasi. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, farasi hutandikwa, huhimizwa na huanguka vitani pamoja na mashujaa wao. Lakini wengi wa waliokaa kuusikiliza hawakupata kumtandika farasi hata siku moja. Mbung'o katika bara, na maradhi ya farasi yaenezwayo na visubi, viliwafisha wanyama hao mara baada ya kuletwa, wasipate kuzaa na kuenea. Farasi akabaki kuwa mnyama wa wakubwa wachache na wa watunzi.

Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo hiyo mambo yalikuwa kinyume. Kusini mwa bara Hindi pia farasi hakustawi, lakini wafalme wa huko hawakukubali kumkosa. Kwa muda wa miaka zaidi ya 300, tangu karne ya 13 hata karne ya 16, walimnunua kutoka Uarabuni na Uajemi kwa dhahabu, wakamwona akifa, wakanunua mwingine. Wageni waliopita katika falme hizo walilistaajabia jambo hili, na baadhi yao wakalicheka. Kicheko hicho kimerudiwa vitabuni mara nyingi, ingawa hesabu zilizomo katika maandishi ya wageni hao hao, zikisomwa kwa utulivu, zaonyesha jambo jingine.

Aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi ni Marco Polo wa Venice. Alipita pwani ya Ma'bar, ambayo leo ni sehemu ya Tamil Nadu, yapata mwaka 1293, akiwa njiani kurudi kwao kutoka Uchina. Asema kwamba nchi ile ilitawaliwa na ndugu watano, na kila mmoja wao alinunua farasi 2,000 na zaidi kwa mwaka kutoka kwa wafanya biashara wa Hormuz, Kish, Dhofar, Shihiri na Adani. Bei ya farasi mmoja ilikuwa saji 500 za dhahabu, ambazo kwa hesabu yake zilizidi marki 100 za fedha. Mwaka ulipokwisha, asema, hawakusalia hata 100. Sababu aliyoitoa ni ujinga: watu wa Ma'bar hawakujua kumtunza farasi, hawakuwa na mafundi wa kwato wala waganga wa wanyama, na walimlisha wali uliopikwa pamoja na nyama. Tena aliongeza kwamba farasi jike bora akipandwa na dume bora katika nchi ile, huzaa mwana mwenye miguu iliyopinda, asiyefaa kupandwa.

Hesabu nzuri namna hiyo hazina budi kutazamwa mara mbili. Ndugu watano, kila mmoja farasi elfu mbili, ni farasi elfu kumi. Na idadi hiyo hiyo ya 10,000 yaonekana katika kitabu cha Wassaf, mwandishi wa Uajemi wa mwanzoni mwa karne ya 14, ambaye aitaja kuwa idadi ya farasi waliopelekwa Ma'bar, Kambay na bandari nyingine kwa mwaka mmoja katika zama za Atabeg Abu Bakr wa Fars. Yamkini elfu kumi ilikuwa hesabu ya midomoni mwa wafanya biashara wa Ghuba, na kila msafiri aliichukua na kuipanga apendavyo. Hata hivyo, hata mtu akiipunguza nusu na kuipunguza nusu tena, bado hubaki biashara kubwa ya kustaajabisha.

Kabla ya kuwahukumu wanunuzi yafaa kuitazama safari yenyewe. Marco Polo alikuwa ameviona vyombo vya Hormuz, akaviogopa. Havikuwa na misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya mnazi, namna ambayo watu wa visiwa vya Lamu waliijua vema katika mitepe yao. Vilikuwa na mlingoti mmoja, tanga moja na usukani mmoja, wala havikuwa na sitaha. Shehena ilipokwisha kupakiwa ilifunikwa kwa ngozi, na juu ya ngozi hizo walisimamishwa farasi. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, kisha akatweka kwenda Dhofar, asema kwamba farasi wazuri walipelekwa Hindi kutoka Dhofar, na kwamba safari ilichukua mwezi mzima kwa upepo mwema. Aliona pia kwamba katika pwani ile wanyama walilishwa dagaa, kwa kuwa nchi ilikuwa haba ya malisho. Basi msomaji afikiri: farasi katika joto hunywa lita 30 za maji kwa siku, na pengine zaidi. Kwa mwezi mmoja farasi mmoja alihitaji kiasi cha lita 900 za maji matamu, na majani yake, na mtu wa kumsimamia chombo kilipoyumba. Upepo ukigeuka, wa kwanza kupunguziwa maji hakuwa nahodha. Farasi aliyevunjika mguu katika msukosuko wa mawimbi hakuwa na dawa. Nafasi aliyoichukua ingaliweza kujazwa tende au chumvi, bidhaa zisizokufa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ililipia bahari kabla ya kumlipia mnyama, na aliyekubali kubeba hatari ya bahari ndiye aliyeamua farasi watakwenda bandari gani.

Hapa Wassaf anafaa kuliko Marco Polo, kwa sababu yeye aliziona hesabu kutoka upande wa wauzaji. Aeleza mapatano yaliyofanywa baina ya Malik al-Islam Jamaluddin, tajiri aliyekishika kisiwa cha Kish, na mtawala wa Ma'bar, ambako nduguye Jamaluddin, aitwaye Takiuddin, alikuwa waziri na msimamizi wa bandari. Kila mwaka farasi 1,400 wapelekwe kutoka Kish, na wengine kwa kadiri watakavyopatikana Katif, Lahsa, Bahrein na Hormuz. Bei iwekwe kuwa dinari 220 za dhahabu nyekundu kwa kila farasi. Na kama farasi wakifa, thamani yao ilipwe vile vile na hazina ya mfalme.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililowachekesha wengi. Nalo halikuwa la Ma'bar peke yake, wala la wakati mmoja. Fernão Nunes, Mreno aliyeuza farasi mwenyewe katika mji wa Vijayanagara na kuandika habari zake yapata mwaka 1535, asimulia juu ya mfalme Saluva Narasimha, aliyetawala tangu 1485 hata 1491. Mfalme huyo aliletewa farasi kutoka Hormuz na Adani, akawalipa wafanya biashara kama walivyotaka, farasi watatu kwa pardao 1,000, wazima au wafu. Farasi aliyefia baharini aliletwa mkia tu; na mkia huo ukalipiwa kama kwamba farasi mzima ameshuka pwani kwa miguu yake minne.

Mfalme anayenunua mikia! Ni hadithi nzuri ya kusimuliwa mezani, na hapana shaka ilisimuliwa mno Goa. Lakini baina ya mapatano ya Jamaluddin na mkia wa Narasimha ni karibu miaka 200, na nasaba zilizotawala si moja. Ujinga hauwezi kurithiwa kwa uaminifu namna hiyo na watu wasio ndugu. Jambo lililodumu muda huo wote lazima lilikuwa na faida yake. Nahodha wa Hormuz alikuwa na bandari nyingi za kuchagua: Kambay, Chaul, Dabhol, Goa, Bhatkal, Kannur. Katika nyingi ya hizo walingojea wanunuzi wa falme nyingine, na baadhi yao ni maadui wa Vijayanagara. Mwenye kulipa farasi wazima tu humwachia nahodha hasara yote ya bahari, na nahodha naye huipandisha bei au huelekea kwingine. Mwenye kulipa mkia huichukua hasara ile juu yake, na safari ya mwaka ujao imekwisha kuwa yake. Leo jambo hili huitwa bima, wala hapana anayelicheka.

Kweli, bima ya namna hiyo ilikuwa na ubaya wake. Mfanya biashara aliyejua kwamba mkia utalipwa hakuwa na sababu kubwa ya kumwekea farasi mgonjwa maji ya mwisho, wala ya kuacha nyuma mnyama dhaifu aliyenunuliwa rahisi. Yawezekana wengi walikufa kwa kuwa vifo vyao vilikwisha kulipiwa. Hapo Marco Polo mwenyewe ametoa neno ambalo kicheko chake kimelifunika: kwamba wauzaji wa farasi hawakuwaruhusu mafundi wa kwato kwenda Ma'bar, kwa sababu walifurahi farasi wafe ili wauze wengine. Kama hivyo ndivyo, upungufu wa mafundi ulikuwa mbinu ya muuzaji, na si haki kuandikwa kuwa tabia ya mnunuzi.

Wala si kweli kwamba elimu ya farasi ilikosekana katika nchi za kusini. Someshvara wa Tatu, mfalme wa Kalyani, aliandikiwa jina la kitabu kikubwa cha Manasollasa yapata mwaka 1130, miaka zaidi ya 150 kabla ya Marco Polo, na ndani yake mna habari za aina za farasi, mafunzo yao na michezo ya kupanda. Kalyani si Ma'bar, na kitabu cha mfalme si banda la farasi, hilo lakubalika. Lakini Nunes alipohesabu watu wa mfalme wa Vijayanagara alitaja masaisi 1,600 wa kuwatunza farasi na walimu 300 wa kuwafundisha, mbali na wahunzi. Aliyetoa mishahara ya watu wote hao hakuwa mtu asiyejua kwamba farasi ana kwato. Hata chakula kilichowashangaza wageni kilikuwa jitihada. Wassaf asema farasi walipewa nafaka ya kukaangwa iliyotiwa siagi, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Shayiri haikuota huko, na malisho mapana hayakuwapo, kwa maana ardhi yenye maji ilikuwa ya mpunga wa watu. Basi farasi alikula kile ambacho mwanadamu angalikila. Kwa muda wote aliokuwa hai alikuwa mgeni mezani, na mgeni wa namna hiyo hamalizi gharama zake siku ya kufika.

Kwa nini basi kumtaka? Firishta, aliyeandika karne moja na nusu baadaye, ana kisa cha Devaraya wa Pili, mfalme wa Vijayanagara tangu 1424 hata 1446. Aliwakusanya wakubwa wake akawauliza sababu ya dola ya Wabahmani, iliyokuwa ndogo kuliko yake kwa ardhi na watu na mali, kumshinda vitani mara kwa mara. Wengine walisema ndivyo ilivyoandikwa. Wengine walisema sababu ni mbili: farasi wa Waislamu ni wenye nguvu, na wapiga mishale wao ni hodari, farasi wa Vijayanagara wengi ni wadogo na dhaifu. Mfalme aliwasikiliza hawa wa pili. Akawaandika Waislamu katika jeshi lake, akawajengea msikiti, akaamuru Kurani iwekwe mbele ya kiti chake cha enzi ili wamheshimu bila ya kukosa dini yao. Watu waliokuwa na jawabu hilo mbele yao hawakuweza kupima farasi kwa bei yake tu. Walimpima kwa bei ya kumkosa.

Mawazo hayo yamo pia katika Amuktamalyada, utungo wa Kitelugu unaohesabiwa kuwa wa mfalme Krishnadevaraya, aliyetawala tangu 1509 hata 1529. Katika sehemu yake ya mashauri ya utawala, mfalme anapewa shauri la kuwatendea mema wafanya biashara wa mbali waletao tembo na farasi wazuri: awape vijiji na nyumba za heshima mjini, awakaribishe barazani mwake, awaachie faida ya haki. Sababu yake yatajwa waziwazi, nayo ni kwamba wanyama hao wasiende kwa maadui. Yaani farasi alinunuliwa mara mbili kwa bei moja. Aliongezeka katika jeshi la mfalme, na alipungua katika jeshi la jirani. Hata yule aliyekufa baada ya miezi sita alikuwa amekwisha kufanya nusu ya kazi yake siku aliposhuka bandarini, na yule wa mkia pia.

Jambo lilikuwa zito kiasi cha kuanzisha vita. Nunes asema Krishnadevaraya alimpa mtu aitwaye Cide Mercar pardao 40,000 akamnunulie farasi Goa. Mtu huyo alitoroka na fedha akakimbilia kwa Adil Shah wa Bijapur, naye hakumrudisha. Mfalme alifanya jambo hilo kuwa sababu ya kuvunja amani, na mwaka 1520 majeshi yakakutana Raichur, baina ya mito Krishna na Tungabhadra, Bijapur ikashindwa. Bila shaka ngome ya Raichur ilitamaniwa zamani, na fedha za farasi zilikuwa kisingizio; lakini kisingizio huchaguliwa miongoni mwa mambo ambayo kila mtu atayaona kuwa makubwa.

Kulikuwa na watu wengine katika hesabu hii, ambao hakuna mgeni aliyewacheka kwa kuwa wachache waliwatazama. Ni nani aliyelipa? Wassaf asema fedha za farasi wa Ma'bar zilitoka katika mapato ya mashamba na wakfu za mahekalu ya Kihindu, na katika kodi ya wanawake wa mahekalu hayo. Katika Vijayanagara njia ilikuwa ya hila zaidi. Nunes aeleza kwamba mfalme alinunua farasi 13,000 kwa mwaka, wa Hormuz na wa kienyeji. Aliwachagua wazuri kwa mabanda yake, na wale wa kienyeji akawauzia majemadari wake, watano kwa pardao 1,000, nao walilazimika kulipa katika mwezi wa Septemba. Kwa fedha hizo mfalme aliwalipa Wareno kwa farasi wa Kiarabu, wala hazina haikutoa kitu. Majemadari nao walikuwa na mashamba waliyopewa na mfalme, na mashamba yalikuwa na wakulima. Nunes adai kwamba wakulima waliwatolea mabwana wao sehemu tisa katika kumi za mavuno. Hata kama ametia chumvi, na yaelekea ametia, njia iliyofuatwa na gharama hiyo yaonekana. Ilianza kwa nahodha, ikapanda kwa mfalme, ikashuka kwa jemadari, ikatua katika shamba la mpunga la mtu ambaye farasi kwake alikuwa vumbi njiani. Faida ya farasi ilikuwa ya kweli, lakini haikugawanywa kama gharama yake. Katika kuta za hekalu la Ramachandra, katikati ya mji ule wa kifalme, farasi wamechongwa safu kwa safu wakiongozwa na masaisi wa kigeni, mkulima hamna.

Wareno walipoiteka Goa mwaka 1510, na Hormuz mwaka 1515, waliyashika malango yote mawili ya biashara hii, nao hawakukawia kuelewa walichokishika. Vyombo vya farasi viliamriwa viende Goa; na Afonso de Albuquerque alijadiliana na Vijayanagara na Bijapur pia, kila upande ukitumainishwa kwamba utauziwa wenyewe. Cesare Federici, mfanya biashara wa Venice, ameziandika kanuni za forodha: chombo kilicholeta farasi 20 au zaidi hakikutozwa ushuru wa bidhaa zake nyingine, hali chombo kisicho na farasi kilitozwa asilimia 8. Farasi alitozwa alipotoka Goa kwenda bara, pagoda 42 za dhahabu kila mmoja. Bei yake huko bara ilikuwa dukati 300 hata 500, na wengine 1,000.

Federici alikwenda Vijayanagara mwenyewe mwaka 1567, akifuatana na wafanya biashara wawili waliopeleka farasi 300 wa Kiarabu. Walichelewa. Miaka miwili kabla yake, Januari 1565, masultani wa Dekani walikuwa wameungana na kulivunja jeshi la Vijayanagara katika vita vya Talikota, na mji mkuu ukatekwa na kuporwa. Tirumala, ndugu wa mtawala aliyeuawa, alikuwa amerudi kuukalia mji uliobaki nusu tupu, naye hakuwa na farasi. Alipeleka habari Goa kwamba waje wenye farasi, atawalipa vizuri na kuwalinda njiani. Wakaja. Alipoona kwamba hapana wengine watakaokuja, aliwapa ruhusa ya kuondoka bila kuwalipa kitu, na Federici asema walikuwa kama wenye wazimu kwa huzuni. Mahali ambapo mkia wa farasi mfu ulilipwa dhahabu, farasi mzima sasa hakulipwa hata shaba.

Mfanya biashara huyo wa Venice alikaa mjini miezi saba akingoja njia zipungue wanyang'anyi. Ilipofika Julai, katikati ya mvua, alinunua maksai wawili, mmoja wa kupanda na mmoja wa kubeba chakula, akawasifu kwa mwendo wao mzuri. Yule wa mizigo alidhoofu akashindwa kwenda. Yule wa kupanda alitiwa mtoni aogelee, kwa kuwa daraja lilikuwa dogo. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa chenye majani, maksai akapanda juu yake, akaanza kula, na hapakuwa na njia ya kumfikia. Federici akamwacha hapo, akaendelea na safari kwa miguu.